Kanuni ya Sita

Ketini. Fungeni dirisha la upande wa Ngozi,
ukungu umeshaingia bila kubisha hodi
na sina chaki ya kuandika jambo moja mara mbili.

Naitwa Mwalimu Tupokigwe. Hili ni somo la aljebra, Kidato cha Kwanza B.
Madaftari mawili, rula, penseli iliyochongwa nyumbani.
Vika daftari gazeti, vika mfuko wa mbolea, shauri yako,
mvua ya Isongole haichagui jalada.

Usiniletee jibu lililo uchi.
Nataka njia, hatua chini ya hatua,
alama za sawa zimepangana wima
kama miche ya chai siku ya ukaguzi.
Jibu sahihi lisilo na njia nitalipa alama moja kati ya tano.
Jibu lililokosewa lenye njia ya kweli nitalipa tatu,
na hizo mbili tutazitafuta wote
pale zilipodondokea.

Kunakili? Nitajua.
Mwaka juzi watu wanne waliandika kwamba bibi
ana umri wa miaka hasi kumi na mbili.
Wote wanne, kwa miandiko minne.
Nilimhurumia bibi.

Mvua ikipiga bati nafunga mdomo.
Msishindane nayo. Nitaandika, mtaandika,
asiyeelewa ainue penseli.
Kwa huku kwetu hiyo ni nusu ya mwaka;
kuna mada nimezifundisha kwa nyusi tu.

Na x si kosa.
Nawaona mnavyoikwepa: miaka saba mmekutana nayo
kwa wino mwekundu, pembeni ya jibu.
Hapa ni jina la kitu
ambacho bado hakijasema kiko wapi.

Unachotenda upande huu, tenda na upande ule.
Ukitoa saba hapa, toa saba pale.
Hii sikuitunga mimi,
wala mkuu wa shule hana kalamu ya kuibadili.

Kanuni ya sita, mnaona, nimeikwangua.
Ilisema: atakayechelewa atasimama nje mpaka kipindi kiishe.
Niliiandika kwa mkono huu, na niliipenda.

Mwaka jana Lusajo Mwaisumo alisimama nje siku tatu,
manyunyu yakimlowesha bega moja.
Ya tatu nilimkuta ameandika ukutani kwa mkaa:

100 + x = 100

Nikamwambia, hapo x ni sifuri, umemaliza.
Akasema, "Siyo sifuri, mwalimu. Naibeba."

Viazi vya mama yake. Alfajiri, kutoka shambani mpaka barabarani,
mgongo hadi mgongo, gunia baada ya gunia;
kisha mnunuzi anashona kamba juu ya mdomo wa gunia,
anaongeza kilemba, anaita lumbesa,
analipa mia.

Nilikaa naye pale ukutani, kipindi kikanipita.
Kilemba ni debe mbili, debe ni kilo kumi na tisa,
x ni thelathini na nane.
Magunia kumi: kilo mia tatu na themanini
zilizopanda lori bila nauli na bila bei.
Njia ilionekana yote. Nilimpa tano.
Mama yake hakupewa kitu.

Mwezi wa saba ukuta ulipakwa chokaa.
Ukijua pa kutazama, mkaa bado unachungulia.
Lusajo yuko Kidato cha Pili sasa, na bado anachelewa.

Sijapata kanuni ya kuweka pale palipokwanguliwa.
Nilijaribu tatu likizoni, zote zilikuwa na upande mmoja.
Basi pakae wazi.

Haya, tarehe juu, mkono wa kulia. Piga mstari.
Wewe wa nyuma, mstari, si mto Kiwira.
Nani huyo mlangoni?

Ingia. Kung'uta matope.
Rudishia mlango, baridi.